Flaiwili imerudishwa, trekta linatetemeka

SWALI

Shikamoo fundi,

Mimi ni binti wa miaka 31, naishi Karatu. Baba yetu alifariki mwaka juzi, akatuachia ekari chache na trekta moja, Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya silinda tatu. Trekta hilo ndilo lililotusomesha sote. Ndugu zangu wako mjini, mimi ndiye niliyebaki nyumbani, kwa hiyo ndiye ninayeliendesha. Nawalimia watu mashamba, na msimu wa mavuno nalifungia mashine ya kupukuchua mahindi kwa PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine.

Miezi miwili iliyopita klachi ilianza kuteleza, na oili ikawa inadondoka chini ya hausingi ya klachi. Nikamwita fundi aliyekuwa akimtengenezea baba tangu nikiwa mdogo. Tulilipasua trekta katikati pale pale uani, akabadilisha sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, pamoja na sahani ya klachi. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, aliitoa asubuhi na kuirudisha jioni. Kabla hajairudisha aliipaka gundi ya gasketi pale inapokutana na krenki, akaniambia, "Hapa mafuta hayapiti tena." Bolti alizikaza kwa spana ya kawaida akiongezea bomba.

Kweli oili imekoma. Lakini tangu siku ile trekta linatetemeka. Likiwa limesimama linanguruma taratibu, mtetemo ni mdogo. Nikiongeza moto kwa ajili ya PTO, mikono inakufa ganzi kwenye usukani. Nikiachia klachi ili niondoke, linakwenda kwa kushtukashtuka. Wiki hii nimeanza kusikia mgongano, ko-ko-ko, huku nyuma ya injini. Nikikanyaga klachi mlio unabadilika.

Nimewaita vijana wawili. Wa kwanza alichungulia kwenye tundu la hausingi, akazungusha injini, akasema alama ya taimingi, yaani ya wakati wa kupuliza dizeli, iko mbali kabisa na mahali pake, kwa hiyo pampu ya dizeli imehama na lazima ailegeze aigeuze. Wa pili anasema krenki imepinda, tufanye ovahoo, yaani kuifungua na kuifanya upya injini nzima. Mimi sielewi, kwa sababu trekta linawaka mara moja, hata asubuhi kwenye baridi ya huku kwetu, na moshi ni ule ule wa siku zote. Pesa ya ovahoo sina na mvua inakaribia.

Tena kuna jambo linaniumiza. Ikiwa mzee yule alikosea, nitamwambiaje? Alikuwa rafiki wa baba, na ndiye aliyesimama nasi kwenye msiba.

Binti wa Karatu

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mzee.

Kabla ya yote, lizime hilo trekta na usiliwashe tena, hata kwa kulisogeza. Huo mlio wa ko-ko-ko unaobadilika ukikanyaga klachi ni mlio wa flaiwili iliyoanza kulegea kwenye krenki. Ukikanyaga klachi unaisukuma flaiwili mbele, inajibana, na mlio unapungua au unageuka. Watu wengi huusikia wakadhani ni beringi za koni rodi, wakateremsha sampu, lile karai la oili, bure. Chomoa waya wa betri leo hii. Flaiwili ni pande la chuma linalozunguka mara elfu mbili hivi kwa dakika chini ya miguu yako. Bolti zake zikikatika ukiwa shambani, tutakuwa tumeacha kuzungumzia spea, tunazungumzia maisha yako.

Sasa nikutoe hofu ya pampu. Huyo kijana ameona sawa, ila tafsiri yake siyo. Alama haiko mahali pake, kweli. Lakini jiulize: siku ile mlipopasua trekta, kuna mtu aliyeigusa pampu? Hakuna. Pampu iko mbele, inazungushwa na gia za mbele ya injini, na kazi yenu yote ilikuwa nyuma. Na pampu ya CAV inayofungwa kwenye injini hizi, nafasi ya kuigeuza kwenye bolti zake ni ya digrii chache tu. Ikihama digrii chache hizo, injini inakuwa ngumu kuwaka, inagonga au inatoa moshi mweupe. Wewe unaniambia linawaka mara moja kwenye baridi na moshi haujabadilika. Basi pampu iko pale alipoiacha baba yako. Kilichohama ni alama yenyewe, kwa sababu imechorwa kwenye flaiwili, na flaiwili ndiyo iliyotolewa ikarudishwa.

Flaiwili ya Perkins hii imeshikwa na bolti sita. Fundi asipoangalia, anaweza kuifunga katika nafasi yoyote kati ya sita. Bolti zote zitaingia vizuri tu, injini itawaka vizuri tu, na hakuna atakayejua hadi siku mtu atakapokuja kupima taimingi. Kosa la tundu moja tu ni digrii 60. Kijana wako angeifuata alama hiyo, angeiharibu pampu ambayo haikuwa na kosa lolote, na hapo ndipo trekta lingekataa kuwaka kweli. Mzuie.

Ukitaka kuhakikisha kabla ya kupasua trekta, unaweza, na hakuhitaji kifaa chochote cha kukodi. Vuta kizimio cha injini, betri ikiwa imechomolewa. Fungua kifuniko cha tapeti. Zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, polepole, huku ukitazama valvu mbili za silinda ya kwanza, ile iliyo upande wa rejeta. Utaona valvu ya moshi inapanda kufunga, na kabla haijatulia ile ya hewa inaanza kushuka kufungua. Pale zinapopokezana, pistoni ya kwanza iko juu kabisa au karibu sana na hapo. Sasa mtu achungulie kwenye tundu la hausingi. Alama ya pistoni kuwa juu inatakiwa iwe mbele ya macho yake, au ikose kwa digrii chache. Ikiwa haionekani kabisa na inabidi uzungushe moja ya sita ya duara ndipo itokee, umepata jibu. Usitumie stata kwa kazi hii, flaiwili ikiwa imelegea hivyo.

Lakini hilo la alama silo linalokutetemesha mikono. Kinachotetemesha ni ile gundi.

Ulipoandika kwamba alipaka gundi kati ya flaiwili na krenki niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Nyuso hizo mbili zinatakiwa zikutane chuma kwa chuma, kavu, safi, bila kitu chochote katikati. Zimekerezwa kwa usahihi mkubwa kwa sababu hiyo hiyo. Chukua mfano: tuseme upana wa flenji ya krenki, yaani ule uso wa mwisho ambapo flaiwili inafungwa, ni sentimita 12, na upande mmoja umebaki na ukoko wa gundi wenye unene wa karatasi moja ya daftari, yaani kama milimita 0.1. Flaiwili italala upande kidogo sana, jicho halioni. Lakini ukienda milimita 125 kutoka katikati, pale sahani ya klachi inapokaa, yumbo hilo limekuwa zaidi ya milimita 0.2. Kipimo cha Perkins kinaruhusu milimita 0.025 kwa kila milimita 25 za nusu kipenyo, kwa hiyo mahali hapo mwisho wake ni 0.125. Karatasi moja ya daftari imeshakutoa nje ya kipimo. Ndiyo maana klachi inashika na kuachia kila mzunguko, na trekta linaondoka kwa kushtuka.

Halafu gundi hainyamazi pale ilipo. Injini ikipata moto inalainika, inakamuliwa nje polepole, na bolti zilizokuwa zimekazwa juu yake zinabaki zimelegea. Ukifungua, tazama kwa makini kwenye flenji. Ukiona unga mwekundu kama kutu umetapakaa kuzunguka bolti, hiyo ni alama kwamba vyuma viwili vimekuwa vikisagana. Niliwahi kufungua injini kama yako ambayo mwenyewe alivumilia mlio kwa msimu mzima wa kulima. Unga ulikuwa umejaa kila kona, na matundu ya bolti kwenye flaiwili, ambayo yanatakiwa yawe duara, yalikuwa na umbo la yai. Flaiwili ile haikufaa tena. Ya kwako, kwa miezi miwili, ina nafasi nzuri ya kuwa salama. Ndiyo sababu nyingine ya kutoliwasha.

Na kuhusu mafuta: oili haipiti kati ya flaiwili na krenki. Inapita kwenye sili, na sili alibadilisha. Oili imekoma kwa sababu ya kazi nzuri aliyoifanya kwenye sili. Gundi haikusaidia chochote.

Basi ni kulipasua tena, hakuna njia ya mkato. Kwa kuwa sehemu ya mbele ya trekta inaning'inia kwenye ekseli kwa pini moja katikati, pigilia kabari za mbao pande zote mbili juu ya ekseli kabla hujafungua bolti yoyote, la sivyo injini itapinduka upande. Hili mzee wako analijua, lakini nalisema kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa umesimama karibu na tochi.

Kabla ya kutoa flaiwili, ipigwe alama ya kuonyesha ilivyokuwa imekaa, siyo ya kuirudishia. Kisha itolewe na watu wawili, bolti mbili zikiachwa zimeshika nyuzi chache ili isiangukie vidole.

Sasa kazi ya kusafisha, na hapa nakuomba msiharakishe hata kama jua linazama. Uso wa flenji ya krenki, ukingo wake wa pembeni, na sehemu ya flaiwili inayokaa juu yake, vyote vitolewe gundi hadi chuma kitupu kionekane. Tumieni kikwanguo cha shaba au cha mbao, na matambara yenye petroli au tina. Msasa wa mashine usiguse hapo, utatengeneza bonde. Kisha pitisha kidole. Kidole kinahisi kisichoonekana. Pembeni mwa matundu ya bolti, na mahali popote palipogongwa na nyundo, huwa pameinuka nundu ndogo ya chuma. Chukua tupa laini, ilaze bapa juu ya uso, ipitishe bila kuikandamiza. Inakata nundu tu, inaacha uso ulivyo. Matundu ya nyuzi kwenye krenki yapulizwe upepo. Oili ikibaki chini ya tundu, bolti inaibana kule ndani na spana inakuambia imekaza wakati haijakaza.

Bolti nazo. Jina la injini yako ni AD3.152: silinda 3, ujazo wa inchi 152 mchemraba. Ni injini ya Uingereza ya zama za inchi, kutoka Perkins wa Peterborough, kampuni ambayo Massey-Ferguson waliinunua mwaka 1959, miaka mitano kabla 135 haijaanza kutengenezwa. Nyuzi zake ni za inchi. Bolti ya milimita inayofanana kwa macho itaingia mizunguko miwili mitatu, halafu itakula nyuzi za krenki, na krenki siyo kitu cha kununua kila siku. Kama mojawapo ina nyuzi zilizolala au shingo iliyovutika na kuwa nyembamba, nunua seti nzima ya sita, urefu ule ule wa za zamani. Bolti ndefu kupita kiasi hugota kabla kichwa chake hakijabana flaiwili. Na kama yako ilikuja na washa za masikio, zile zinazokunjwa kwenye kichwa cha bolti, weka mpya. Sikio likikunjwa mara ya pili hukatika.

Kisha ile nafasi sahihi. Tazameni flenji ya krenki, hesabuni matundu. Sita yana nyuzi. Kuna la saba ambalo halina nyuzi na halitumiki kwa bolti. Pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa, tundu hilo linakuwa chini. Kwenye flaiwili nako kuna la saba, dogo kuliko mengine. Waliotengeneza injini waliyaweka kwa kazi hii moja tu: la saba likitazamana na la saba, alama ya taimingi inasema kweli. Tafuteni vijiti viwili vyenye nyuzi za bolti hizo, mvipachike kwenye krenki kama reli, halafu flaiwili iteleze juu yake ikiwa imekwisha kulenga. Hakuna haja ya kuibembeleza kwa nyundo. Ikigoma, kuna uchafu au nundu imebaki, rudini kwenye tambara na tupa.

Kukaza ni kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, siyo bomba. Kama mzee hana, mtafute wa gereji ya malori awaazime kwa nusu siku. Kazeni kwa kuruka upande wa pili, kamwe si kwa kufuatana duara: kwanza zote futi-pauni 30, kisha zote 55, kisha 75 hadi 80, ambayo ni karibu Nm 102 hadi 108. Ili krenki isizunguke, fungeni kipande cha chuma cha pembe kwenye hausingi kishike meno ya ringi gia, ile pete ya meno kwenye flaiwili inayozungushwa na stata. Bisibisi huteleza ikavunja jino. Mkiwa hapo, kagueni hayo meno pia. Injini ya silinda tatu huzimika mara nyingi katika sehemu zile zile tatu za duara, kwa hiyo meno hulika sehemu tatu. Yakiwa yamelika sana, huu ndio wakati wa kubadilisha ringi, siyo mwaka kesho baada ya kupasua mara ya tatu.

Halafu mpime, kabla klachi haijarudi. Mafundi wengi wanaruka hapa, nami siwaelewi, maana ni kazi ya dakika kumi inayookoa siku mbili. Geji ya saa, kipimo chenye mshale kama wa saa, inafungwa kwenye bati la nyuma la injini, ncha yake inagusa ukingo wa nje wa flaiwili, mnazungusha mzunguko mzima: isizidi milimita 0.30. Kisha ncha inahamia kwenye uso, kwa kipimo nilichokwisha kukitaja. Mkipima uso, mtu mmoja aisukume krenki upande mmoja muda wote, kwa sababu ina mchezo wa mbele na nyuma na mchezo huo utaingia kwenye hesabu. Kama geji haipatikani, fungeni waya mgumu wa kuchomelea kwenye bati, ncha yake ikaribie uso wa flaiwili, na mpime pengo kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, kila robo ya mzunguko. Si sahihi kama saa, lakini karatasi ya daftari mtaiona.

Kipimo kikikubali, krenki haijapinda, na yule wa ovahoo umemjibu kwa namba. Kikikataa baada ya usafi wote huo, fungueni, mzungushe flaiwili nusu duara kwa majaribio, mpime tena. Yumbo likihama pamoja na flaiwili, kosa ni la flaiwili, ipelekwe kwa mkerezaji. Likibaki pale pale kwenye krenki, kosa liko kwenye flenji, na hapo niandikie tena kabla hujatoa pesa kwa mtu yeyote. Majaribio yakiisha, hakikisheni la saba limerudi kwa la saba.

Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili izungushwe kwa kidole, ikikwaruza ibadilishwe. Sahani ya klachi ikaguliwe kama haijalowa oili. Mkija kuunganisha trekta, nusu mbili zikutane kwa kusukuma kwa mikono. Zikibaki wazi sentimita moja, msizivute kwa bolti. Zungusheni krenki kidogo hadi meno ya shafti yaingie yenyewe.

Sasa kuhusu mzee.

Mwite yeye yule. Asije kijana mwingine. Mtu aliyeweza kubadilisha sili ya nyuma ya injini hiyo pale uani na oili ikakoma ni fundi, na mikono yake inalijua trekta lenu. Alijifunza enzi ambazo gundi ya gasketi ilionekana dawa ya kila kitu, na pengine hakuna aliyewahi kumwekea geji mbele yake. Nenda kwake nyumbani, usimpigie simu, wala usiende na hao vijana. Mwambie, "Baba, oili imekoma, nashukuru sana. Lakini nasikia mlio nyuma ya injini, naogopa kulima nalo. Naomba tulifungue tena mimi na wewe." Siku ya kazi uwe umeshaazima geji na spana ya toki. Mpime pamoja kabla hamjaitoa flaiwili, wakati gundi bado iko ndani, na umwache asome saa kwa macho yake. Kisha safisheni, fungeni, mpime tena. Hutahitaji kumwambia neno. Na umlipe siku hiyo, hata kidogo.

Mkimaliza, kabla ya kuifunika, pigeni nukta mbili za panchi kwenye ukingo wa flaiwili na flenji mahali pa tundu la saba, atakayelipasua trekta hilo baada yenu azikute.